Kikombe cha Maji ya Utumbo

Nyinyi mnaokula hapo, wekeni vijiko chini kwanza, maana hadithi hii na chakula havipatani. Juzi nimepita mtaani Biryogo, nikasikia harufu ya utumbo wa mbuzi unaoshwa.

Palepale nikawa mtoto tena, sebuleni kwa bibi. Mtaa muzima ulijazana humo kuangalia mwisho wa ile filamu ya polisi ya mfululizo. Ilikuwa agasobanuye, ile ya mtafsiri anayeeleza kila kitu kwa kelele kushinda bunduki. Wiki nzima tulibishana nani alimuua yule tajiri wa kwenye filamu. Bibi alisema ni mpishi wake. Mjomba, fundi cherehani, akaapa: "Ni daktari! Kama siyo yeye, nakunywa maji ya utumbo!"

Bibi hakusahau. Siku hiyo alileta kikombe kimejaa maji aliyooshea utumbo wa mbuzi. Maji iko ya kijani, nzito kama uji, na nzi waliokuja kuonja walikufa hapohapo.

Mara ndani ya filamu polisi wakamuingiza mpishi kwenye gari. Mtafsiri akapasuka: "Muuaji ndiye huyu!"

"Kunywa, mwanangu," bibi akasema. "Kiapo ni kiapo."

Mjomba akabana pua, akakunywa mpaka chini. Jicho moja likaangalia Sonatubes, lingine Masoro, kila moja pembe yake ya mji. Uzi wa kijani ukamteleza kidevuni, sisi wote tukaziba midomo.

Hapo mtafsiri akakohoa ndani ya televisheni: "Samahani jamani, huyu mpishi wanamupeleka kutoa ushahidi tu. Muuaji ni daktari."