Assume, Presume, na Kaka Yangu

Nafundisha Kiingereza katika sekondari moja huko Bahati, na kama kuna kitu kinanipandisha hasira ni mwanafunzi kuniambia assume na presume ni kitu kimoja. Si kitu kimoja! Uki-assume, umeamua tu, huna sababu yoyote mkononi. Uki-presume, una sababu yako, na unaishikilia mpaka mtu alete ushahidi wa kukupinga. Darasa hunicheka, ati mwalimu anapigana na maneno. Wacha wacheke.

Kaka yangu alitoka kwetu Dundori asubuhi ya kawaida, akielekea Gilgil kutafuta kazi, na hakuna mtu amemwona tena. Tulizunguka hospitali, mochari, vituo vya polisi. Mke wake akabaki hapo kwa mama, si mke, si mjane. Mbwa akibweka jioni, wote wawili walikuwa wanainua vichwa pamoja, halafu wanajifanya hawakuinua. Iliniumiza kuwaona.

Miaka inayotakiwa na sheria ikapita. Akatokea mwanaume mpole, fundi wa mbao, akataka kumwoa huyo mke wa kaka. Pasta akasema wazi kwamba hawezi kufungisha ndoa ya mwanamke aliye na mume. Ilibidi korti itamke kwamba kaka amekufa, na wakili akasema mama naye lazima aape. Majirani wakatukumbusha kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Hiyo methali siku hizi naichukia kabisa.

Basi tukashuka Nakuru, mama, mke wa kaka na mimi, tukakaa mbele ya wakili. Akasoma kwa Kiingereza mpaka akafika kwenye presumed dead. Mama akaniuliza hapo pamesema nini. Nikamweleza kwamba anahesabiwa amekufa, vile huwa naeleza darasani, na kwa ujinga wa ualimu nikaongeza na lile neno lingine, asije akayachanganya. Mke wa kaka alikuwa anaangalia mikono yake, na nilijua mama akikataa leo, huyu hataomba tena maishani.

"Kwa hivyo hilo lingine halitaki sababu," mama akasema.

Nikamwambia halitaki.

"Basi hilo ndilo langu. Mtoto wangu yuko hai, na sina sababu." Akamgeukia mke wa kaka. "Lakini wewe, mami, chukua hilo lenye sababu. Uende ukaishi. Wakili, lete nitie kidole."

Nililia kwenye ngazi za hilo jengo, watu wakipita, na sikuona haya. Hadi leo nikiandika hayo maneno ubaoni, nasikia kaka akigonga viatu vyake kwenye veranda kutoa matope. Naandika haraka, nafuta.

Harusi ilifanyika kanisani kwetu. Korti ilikuwa imeshatamka, mambo yote sawa. Pasta akauliza kama kuna mtu anayejua sababu ya hawa wawili kutounganishwa, aseme sasa. Kwa kawaida hapo watu hukohoa na kuchekeana. Siku hiyo hakuna aliyekohoa. Bibi harusi mwenyewe ndiye aligeuka kwanza kuangalia mlango, halafu kanisa lote likageuka. Ulikuwa wazi, na huko nje ni jua tu na shamba la viazi.

Mama alikuwa amekaa benchi ya mwisho, karibu na huo mlango. Akasogea kidogo, akaacha nafasi ya mtu mmoja.