Alama ya Msumari kwenye Sensa

Mama yangu alipougua miguu, nilikuwa nikitoka Garsen na gari langu kila Jumamosi kwenda Golbanti kumwogesha na kumpikia. Mume wangu hakunikataza hata siku moja. Alikuwa akinijazia maji ya rejeta, ananipimia upepo, kisha ananiambia, "Msalimie mama."

Halafu gari likaanza vituko. Nikikanyaga mafuta linashtuka, linakata nguvu, mara linaruka mbele. Jumamosi moja likazima kwenye vichaka vya mathenge, nusu ya njia sijafika. Nikampigia mume wangu, akaja kunivuta.

"Injini imechoka," akasema. "Liache kwanza. Mama ana majirani."

Nilimwamini. Kabla ya kuwa karani alikuwa dereva wa lori miaka mingi. Mimi ni mwalimu wa chekechea, injini ningeijulia wapi?

Jumamosi tatu sikwenda. Wiki ya nne jirani akapiga simu: mama ameanguka akijaribu kuchota maji. Hakuvunjika, lakini nilipofika kwa bodaboda hakuitikia salamu yangu. Aliuliza tu, "Umeikumbuka njia?"

Jumatatu nikalikokota gari hadi kwa fundi wetu, mzee mpole ambaye hutengeneza kila gari la nyumbani kwetu. Akakagua plagi na pampu ya mafuta, zote nzima. Ndipo akaniita karibu na injini, akachomeka ncha za mita kwenye waya wa kifaa kidogo cheusi.

"Hii sensa ndiyo inaiambia kompyuta umekanyaga mafuta kiasi gani, mwalimu. Nikifungua mlango huu wa hewa taratibu, namba zinatakiwa kupanda taratibu."

Akafungua kwa kidole. Namba zikapanda, zikafika katikati, zikaanguka hadi sufuri, kisha zikaruka juu. Akarudia mara tatu. Zilianguka palepale.

Akaing'oa sensa, akaigeuza. Nyuma yake kulikuwa na msalaba uliochorwa kwa msumari.

"Alama hii ni yangu," akasema. "Sensa hii ilikuwa mbovu, niliitoa kwenye gari la zamani la mumeo, kabla hajaliuza. Niliichora ili isirudi kwenye gari la mtu. Nikampa mkononi."

"Labda alichanganya."

Fundi akajifuta mikono kwa kitambaa, hakunitazama. "Ya kwako ilikuwa nzima, mwalimu. Mtu ameitoa akafunga hii."

Nilimkuta mume wangu akila. Nikaiweka sensa kando ya sahani yake. Hakuuliza ni kitu gani.

"Kila wiki uko huko," akasema. "Na nyumba hii pia ina mtu."

"Ungeniambia."

"Ungekataa."

"Mama ameanguka."

"Sikujua ataanguka," akasema, sauti imepungua. Akaenda chumbani, akarudi na sensa yangu. Alikuwa ameifunga kwenye gazeti, akaificha chini ya kanzu zake. Kilichoniuma ni lile gazeti. Aliifunga vizuri, kama mtu anayetunza kitu changu.

Fundi aliirudisha siku ileile na gari likatulia. Jumamosi nikaenda Golbanti. Nilipokuwa nikimsugua mama mgongo, akauliza hali ya mkwewe, maana anampenda sana.

Nikamwambia hajambo. Akasema nimpelekee maembe, nikayapakia.