Mguu wa Cherehani

Basi lilinishusha katika mji nisioujua, homa ikanipeleka hospitali. Niliketi karibu na fundi cherehani. Vidole vyake vilikuwa na alama za sindano mbili, ya kushonea na ya kupimia sukari, na muda wote alipapasa mshono wa suruali yake kama anayetafuta kosa. Mguu wa kulia, wa kukanyagia cherehani, ulifungwa bandeji, ulikuwa ukatwe kesho yake. Alimsimulia muuguzi aliyekuja na faili lake kwamba miaka yote, tumbo likinguruma tu, alimeza vidonge vya kuua bakteria.

“Mdudu ni mdudu.”

“Si wote, baba. Wengine wa tumboni husaidia mwili kuimudu sukari.”

“Kumbe nilikuwa nawafukuza vibarua wangu mwenyewe!” Alicheka peke yake.

“Sisemi ndiyo sababu ya mguu.”

“Usiseme, mwanangu. Nirudishie tu hao vibarua.”

Muuguzi aliinamia faili. Fundi akanigeukia.

“Mgeni, huko utokako, cherehani za kuzungusha kwa mkono bado zipo?”

Nilimwambia sijaziona siku nyingi. Akaitikia kwa kichwa, akaenda wodini akishika ukuta, nami nikabaki kwenye benchi.