Kazi ya Mwenzangu Niliyoifuta Kwenye Seva

Mimi ni mtu wa pupa, na najijua. Nilikuwa nimetoka Murangi kumzika baba mkubwa. Kwetu huziki ukaondoka. Unakaa mpaka matanga yaanuliwe. Siku tano niliandika programu kwa kujificha nyuma ya zizi, maana shangazi zangu wangeniona wangenisema, na mtandao haukuwepo. Siku hizohizo mwenzangu wa Bunda alikuwa anapandisha kazi yake kwenye seva yetu kila jioni. Mimi sikushusha hata mstari mmoja.

Alhamisi asubuhi, nikiwa nyumbani Kitaji, nikapandisha yangu. Seva ikakataa: ilikuwa na vitu ambavyo mimi sina. Nikasonya, nikailazimisha. Ikakubali. Chai ilikuwa bado ya moto nilipotazama orodha ya kazi zilizopandishwa nikaona jina la mwenzangu halimo. Kurasa zote za chanjo za watoto, kazi yake ya wiki nzima, nilikuwa nimezifuta kwa tawi langu, yaani nakala yangu ya programu, lililopitwa na wakati.

Kesho yake tulikuwa tunaionyesha programu hiyo Butiama, na yeye alikuwa kwenye majaribio ya kazi. Bila zile kurasa asingepewa mkataba.

Nakala moja ilibaki, kwenye kompyuta yake. Lakini ni mimi niliyemfundisha: kila asubuhi, kabla ya kugusa chochote, futa ulichonacho, chukua kilichoko kwenye seva kama kilivyo. Nilimpa amri hiyo ili asichanganye matawi, maana aliwahi kuyachanganya. Na yeye ni mtii kuliko mimi. Nikapiga simu, haipatikani. Nikapanda basi la Bunda. Kiabakari nikapiga tena, haipatikani.

Nilimkuta ofisini amejiinamia.

"Kaka, nisamehe," akasema. "Nimefanya ile ya asubuhi kama ninavyofanyaga, kazi yote imeenda. Sijui nimekosea wapi."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli. Nikasema, "Hebu nipishe nione, dada."

Kompyuta huweka kumbukumbu ya kila mahali tawi lilipopita, hata palipofutwa. Yeye hakulijua hilo. Mimi nalijua, ila hofu ilinisahaulisha njia nzima. Dakika chache tu, kazi ikarudi yote. Akalia. Nikamwambia mambo haya hutokea.

Butiama kurasa zake zilisifiwa kuliko zangu. Mkubwa wetu alipotaka kuzungumzia mkataba, mwenzangu akaomba aseme neno kwanza. Akasema yeye alizembea, alifuta kazi yake mwenyewe, na bila mimi, kaka yake, tusingekuwa na cha kuonyesha.

Mkubwa akafikiri kidogo. Akasema basi aongezewe majaribio miezi mitatu, akae chini yangu, nimfundishe umakini.

"Sawa, mkuu," nikaitikia.