Dawa ya Kichina Niliyomsomea Bibi

Tunaishi wawili tu, mimi na Bibi, huku kijijini Daudi. Mama anafanya kazi Arusha. Bibi ana presha, na mwaka huu kizunguzungu kimemzidi. Asubuhi moja alipoinuka kutoka kukamua ng'ombe, alishika ukuta na maziwa yote yakamwagika.

Shangazi akamletea dawa ya Kichina kutoka mnadani: vipande vya mizizi mikavu, kama viazi vilivyosahaulika juani, pamoja na karatasi. Bibi akanipa karatasi mbele ya jirani yetu.

"Haya, soma. Si uko kidato cha tatu?"

Ilikuwa Kichina kitupu. Kulikuwa na picha ya mtu ameshika kichwa na picha ya kikombe, basi. Niliona aibu kusema sijui.

"Inatibu kizunguzungu," nikasema. "Unachemsha, unakunywa asubuhi na jioni."

"Unaona faida ya shule!" jirani akamwambia Bibi. Akanigeukia. "Na mimi nina ya magoti, utanisomea."

Wiki ya pili nikakuta vidonge vya presha vya Bibi havijapungua hata kimoja. Nikamuuliza.

"Nimeze vya nini? Si ulisoma mwenyewe kwamba inatibu?"

Sina mtu wa kumwambia mambo yangu. Shuleni nilizunguka nje ya ofisi mapumziko mazima, ndipo nikaingia kwa mwalimu wa Baiolojia. Alinisikiliza huku anasahihisha madaftari. Akasema ipo mizizi ya Kichina ya kizunguzungu ambayo watafiti wameipima, na wagonjwa wengine walipata nafuu, ila tafiti nyingi ni ndogo na hazikufanywa vizuri, kwa hiyo hakuna uhakika.

"Na wewe hujui hata kama hiyo ndiyo yenyewe," akasema. "Vidonge asiache. Presha ikipanda anaweza kupooza. Umwambie leo."

Nyumbani nilimkuta Bibi anachambua maharage.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba."

"Ile karatasi sikuisoma. Ni Kichina. Nilitunga."

"Yote?"

"Yote."

Mikono yake ikasimama. Nikangoja anigombeze, ningefurahi. Akainuka polepole, akameza kidonge kwa maji, akarudi kwenye maharage yake.

Jioni ujumbe wa Mama ukaingia kwenye simu ya Bibi. Siku zote huniita nimsomee. Akaifunga simu kwenye pindo la khanga, akatoka kwenda kusomewa na jirani.