Msichana Mwema Haachi Moto

Kaka yangu mkubwa alipoleta televisheni ile pana hapa nyumbani Katelembo, alisema ni ya mama. "Asikae akiangalia ukuta," akasema. Akaunganisha intaneti, akala kuku wangu, akarudi Nairobi kabla jua halijakolea. Nilimsindikiza hadi langoni nikiwa na maneno mengi mdomoni. Hakuuliza mimi mwenyewe huwa naangalia nini.

Nilikuwa namwangalia mama. Tangu apigwe na kiharusi, upande wake wa kulia ulikuwa umekufa ganzi, na maneno yake yalibaki machache sana: mwaki, yaani moto kwa Kikamba chetu, aiee, yaani hapana, jina la Yesu, na jina langu. Nilimwogesha, nikamgeuza, nikamlisha uji kijiko kwa kijiko. Mimi ni kitinda mimba, sina mume, sina mtoto, kwa hiyo hakuna aliyeniuliza kama nitaweza. Ndugu zangu walikutana kwenye kundi lao la simu wakanishukuru kabla sijakubali. Ukiona umeshukuriwa mapema hivyo, jua mlango umefungwa kwa nje.

Wala sikuwa natamani Ulaya. Rafiki yangu tuliyejifunza naye ushonaji alikuwa amefungua karakana ndogo kule Kinanie, anashona mifuko ya ngozi, na alitaka tuwe wawili. Ningepanga chumba huko, nirudi nyumbani Jumapili. Kinanie! Hata si mbali, na hiyo ndiyo aibu yenyewe, kwamba mtu mzima anaweza kulilia mahali ambapo mwenzake huenda na kurudi siku moja.

"Nitakungoja mpaka shule zifunguliwe," rafiki yangu aliniambia kwenye simu. "Baada ya hapo natafuta mtu mwingine, na usinilaumu."

Shule ndio kwanza zilikuwa zimefungwa. Nilikuwa na likizo moja ya watoto kupata njia ya kutoka, na kizuizi hakikuwa ndugu zangu. Kizuizi kilikuwa mama. Hakukubali mkono wa mtu mwingine.

Tuna jirani mjane, mwanamke mrefu, mabega ya kubebea magunia, sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya bonde. Alimuuguza mama mkwe wake mpaka mwisho, na alikuwa tayari kuja kukaa na mama. Nilipomleta mara ya kwanza, mama alifumba mdomo akageukia ukuta. Mara ya pili alimrushia kikombe cha uji kwa mkono wa kushoto, na woi, mkono ule ulikuwa na shabaha! Jirani alijipangusa kifua, akasema, "Mwaitu, mama yetu, bado ako na nguvu. Mkinihitaji, niko." Kisha akaenda zake. Mama hakula kitu siku hiyo mpaka nilipokishika kijiko mimi.

Basi televisheni ikawa kazi yetu ya alasiri. Nilimwegemeza kwenye mito, nikashika rimoti, tukapekua weee, mahubiri, mpira, watu wanaopika vyakula visivyo na majina. Ndipo nikaona uso nilioujua. Uso wa mbao, macho makubwa ya kioo, nywele za katani. Kikaragosi. Mama naye alimwona, akainua mkono wake mzima.

"Mwaki!" akasema.

Lazima nieleze, maana bila haya mtu hataelewa kwa nini nilipata baridi saa tisa mchana. Marehemu baba yangu alikuwa dereva wa gari la sinema. Kampuni moja ya sabuni ilikuwa ikizungusha gari hilo sokoni, Matuu, Kinanie, hapa kwetu, shuka jeupe linatundikwa ukutani na watu wanaonyeshwa sinema bure ili waone na sabuni. Sinema zilikuwa za Kiingereza, na Kiingereza cha baba kilikuwa cha kuombea maji tu, lakini yeye ndiye aliyeshika kipaza sauti akatutafsiria kwa Kikamba. Asichokielewa alikitunga. Usiku alirudi na mikanda ya sinema, akaiweka ndani kando ya cherehani ya mama.

Sinema iliyopendwa kuliko zote ilikuwa hiyo ya vikaragosi. Kuna jitu la mawe limelala ndani ya mlima. Kikongwe mmoja na binti yake wanaishi humo pangoni wakichochea moto, kwa sababu jitu likipata joto hulala, na moto ukizimika litaamka limeze nchi nzima. Kila mara sinema ilikatika pale pale, binti akiwa ameshika ukuni, anautazama mlango wa pango. Shuka linabaki jeupe. Baba hakubabaika hata kidogo. "Na hapo ndipo alipo mpaka leo," aliwaambia watu. "Msichana mwema haachi moto. Haya, nendeni makwenu." Watu walipiga makofi, na kina mama wakawatazama binti zao.

Maneno hayo yakawa sheria ya nyumba yetu. Nilipotaka kwenda kufanya kazi Mombasa, mama alikuwa kwenye cherehani yake, hakuinua hata kichwa. "Msichana mwema haachi moto," akasema. Alipokuja mwanamume wa Matuu, mtu mzuri kabisa, mwenye maembe yake na adabu zake, akaambiwa hayo hayo, akacheka akidhani ni mzaha, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka. Dada zangu walikuwa wameshaolewa kabla maneno hayo hayajaota mizizi. Mimi yalinikuta mdogo nikayameza na uji, na haki ya nani niliyaamini. Nilikuwa namwonea fahari yule binti wa mbao. Nilisema, kama yeye ameweza kukaa, mimi ni nani?

Sasa wazungu walikuwa wameirudisha sinema ile ya zamani kama mfululizo mrefu, vikaragosi wale wale, wamepakwa rangi mpya. Nikatega sikio. Kiingereza changu ni cha shule, si kama cha baba, na sikuchelewa kuelewa. Ilianza pangoni. Pango lilikuwa tupu. Moto ulikuwa majivu. Yule binti, sasa mwanamke wa makamo, alikuwa akitembea nchi ya mbali akiwa na mzigo mgongoni, na mtu akamuuliza, "Si wewe ndiye uliyeacha moto?" Naye akajibu, "Ndiyo, ni mimi."

Ala! Nilisimama. Aliondoka? Aliondoka lini? Nimekaa miaka yote hii nikimwiga, kumbe mwenzangu alijiendea zake!

"Mwaki?" mama akauliza, akinivuta nguo. Alikuwa anataka tafsiri. Uji ulikuwa mapajani mwangu, hajala, na macho yake yalikuwa na hofu.

Nikakaa. "Huyu ni dada yake, mwaitu," nikasema kwa Kikamba. "Yule mwenyewe amebaki. Moto uko, ni vile tu hawauonyeshi."

Akafungua mdomo, akala.

Basi nikawa baba. Kila alasiri nilitunga. Binti akivuka mto, mimi nasema ametumwa kuni na atarudi. Binti akicheka na wenzake sokoni, nasema anauliza bei ya kuni. Mama akila, mimi najichukia. Uongo wangu ulimshibisha yeye na kunizidishia kufuli mimi, maana kila siku nilimhakikishia kwamba moto hauachwi, na siku hizo hizo zilikuwa zinakwisha. Watoto wa jirani walianza kufua sare zao na kuzianika kwenye ua. Nilizitazama sare zile kwa hasira, kana kwamba watoto wa watu wamenikosea.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia kwenye sehemu ya mwisho. Yule mwanamke alikuwa amerudi mlimani kumtafuta mama yake, na alipofika mlangoni pa pango, akakumbuka. Picha ikabadilika, rangi ikafifia, na nikajua papo hapo kwamba hii ni sinema yenyewe ya zamani, ile ya baba, ile ya shuka. Binti ameshika ukuni, anautazama mlango. Nikangoja ikatike. Haikukatika. Binti aliuweka ukuni chini, taratibu. Moto ukafifia, ukafa. Jitu likaamka, likajinyoosha, halikumeza mtu, na binti akatoka nje penye jua. Kamera ikarudi ndani, ikamwonyesha kikongwe peke yake kando ya majivu, anautazama mlango.

Sikuwa na uongo wa hapo. Kidole changu kilibonyeza rimoti chenyewe, na picha ikasimama kwenye uso wa yule kikongwe.

Nilimgeukia mama. Hakushtuka hata kidogo. Nilitegemea aite mwaki, arushe kikombe, lakini alikuwa ametulia kama mtu aliyeonyeshwa chumba anachokijua. Akainua mkono wake wa kushoto, akatoa vidole viwili, akavifungua na kuvifunga. Kisha akavielekeza ukutani, kwenye msumari juu ya cherehani, ambako mkasi wake mkubwa wa chuma umetundikwa tangu nipate akili, mkasi ambao hakuna mtoto wa nyumba hii aliyeruhusiwa kuugusa.

"Baba alikata mwisho?" nikauliza.

"Aiee." Akajigonga kifua.

"Wewe? Ni wewe ulikata?"

Akajigonga tena.

Siku za mwizi arobaini, husemwa, lakini hakuna anayekufundisha la kufanya mwizi akiwa ni mama yako na hawezi hata kujifuta mate. Nilikasirika. Nasema wazi, nilimkasirikia mgonjwa. "Mwaitu, unajua umenifanya nini?" nikamwambia, na sauti yangu ilifika kwa jirani. "Mombasa! Yule mtu wa Matuu! Mimi nimekaa hapa kwa sababu ya kipande cha mkanda ulichokata wewe? Baba akatafuta maneno ya kuziba pengo lako, na maneno hayo ukayageuza pingu yangu!" Nilitaka kutoka nje nikagonga meza, uji ukamwagika, nikabaki nimesimama katikati ya chumba sina pa kwenda. Hata hasira zangu zilikuwa hazina mahali pa kwenda.

Mama alingoja nimalize. Halafu akanyoosha kidole kwenye televisheni, kwa kikongwe aliyekuwa bado amegandishwa kando ya majivu. Kisha akajinyooshea yeye mwenyewe. Akarudia, kikongwe, yeye. Machozi yalimtoka jicho moja tu, lile la upande mzima.

Nikaelewa. Mama aliiona sinema ile nzima zamani, akawaza siku atakayoachwa, na hakuvumilia. Alikuwa fundi wa nguo. Kisichomkaa vizuri alikikata.

Sikumsamehe hapo, nisidanganye. Nilibonyeza rimoti kwa sababu tu sikutaka kuendelea kuutazama uso ule, na sikutafsiri neno. Rangi zikarudi. Yule mwanamke aliingia pangoni, akakuta majivu, akaita, hakuna aliyeitika. Akapanda mlima akilia. Huko juu akalikuta jitu limekaa juani, kubwa, baya, na juu ya kiganja chake cha mawe amekaa kikongwe. Mzima. Amefungwa kitambaa kichwani. Jitu lilikuwa linachuma matunda ya mwituni kwa vidole vyake vinene kama magogo, moja moja, kwa uangalifu wa kuchekesha, na kumlisha. Kikongwe anafungua mdomo, anatafuna, analiambia jitu jambo fulani kwa ukali, nalo linaitikia kwa kichwa.

Mama alikaa wima bila mto. Alitazama mpaka majina ya mwisho yakapita yote, na yalipokwisha alinigusa nirudishe nyuma, tukatazama tena jitu likilisha. Tuliirudia mpaka kukaanza kuwa na giza na kuku wakaingia bandani wenyewe. Hakusema mwaki. Mimi nilipika muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, nikala peke yangu jikoni, sikumsemesha.

Asubuhi nilisikia watoto wakipita njiani na viatu vipya, wanapiga kelele za kufungua shule. Nilikuwa nakoroga uji. Kabla sijaupakua, mama aliita jina langu, na nilipoingia alinyoosha kidole dirishani, ng'ambo ya ua, kwa jirani.

"Yule?" nikauliza. "Umrushie kikombe tena?"

"Aiee."

Nikaenda kumwita. Alikuja vile vile alivyo, akainama ili apite mlangoni, akajaza chumba. Akakaa kwenye kiti changu, akachukua bakuli langu, akapuliza kijiko. "Haya, mwaitu," akasema kwa sauti yake ya kuita ng'ombe, na kukinyoosha kijiko kwa mkono mmoja mkubwa, huku wa pili ukikisogeza kikombe mbali na mama, kwa sababu hata yeye alikuwa anaogopa.

Mimi nilisimama mlangoni. Nilikuwa nimeitaka siku hiyo kuliko kitu chochote, na sasa nikajikuta naomba moyoni, kataa, mwaitu, kataa mara hii moja tu.

Mama hakumtazama jirani. Alinitazama mimi, akafungua mdomo.