Wastani wa Wachuma Kahawa

Miaka ya hamsini nilikuwa mwalimu wa darasa la nne huko Ruiru, katika shule iliyozungukwa na mibuni ya kahawa. Mwaka mmoja tuliomba tufunguliwe darasa la tano. Bila hilo, watoto wangelazimika kwenda Thika kwa miguu kila siku, na wazazi wa wasichana hawakutaka hata kulisikia jambo hilo. Kati ya wasichana hao alikuwemo mmoja aliyepiga hesabu kunishinda mimi mwenyewe.

Mkaguzi wa shule alikuwa amerudi majuzi kutoka masomoni Ulaya, kichwa kimemvimba kwa takwimu. Akasema darasa litafunguliwa ikiwa alama zetu hazitaachwa mbali na za Thika. Lakini mtihani ukaangukia wakati kahawa imeiva, na nusu ya wanafunzi wangu walizuiliwa shambani kwa amri ya mwenye shamba. Waliobaki walifanya vizuri, na yule msichana akawapita wote, wa kwetu na wa Thika.

Mkaguzi akaja na makaratasi yake. Akajumlisha, akagawanya, akatafuta vipeuo vya pili, jasho likimtoka kama mtu anayesukuma lori. Mwishowe akatangaza kwamba tofauti kati ya Thika na Ruiru ni kubwa mno, haiwezi kuwa imetokea kwa bahati tu.

Nikachungulia. Wale wa shambani wote alikuwa amewapa sifuri.

“Bwana Mkaguzi, hawa hawakufanya mtihani.”

“Majina yao yako kwa rejista?”

“Yako.”

“Basi ni wanafunzi. Na mwanafunzi asiye na alama amepata ngapi?”

Nilimdharau siku ile na ninamdharau hadi leo. Mtu kavuka bahari kwenda kujifunza kupima bahati, akarudi hajui kutofautisha mtoto aliyeshindwa na mtoto aliyezuiliwa. Eti msomi! Na wenzake ofisini walimpigia makofi.

Darasa la tano halikufunguliwa. Mwezi wa kwanza nilikutana na yule msichana na mama yake kwenye njia ya kwenda shambani.

“Mwalimu, si ulisema huyu ndiye namba wani?” mama akaniuliza.

“Ndiye, mama.”

“Na hao wa Thika aliowapita, wako shule?”

Nikasema wako. Mama akamkazia mtoto kamba ya kikapu kiunoni, wakaingia kwenye mibuni.